Injini Haifunguliwi kwa Kubahatisha

Ufundi wa injini huonekana kwa wengi kuwa kazi ya mikono na spana, ilhali sehemu yake iliyo ngumu huitangulia spana, kwa kuwa fundi hupaswa kwanza kuamua tatizo liko wapi, na hasa kuamua ni vitu gani havina haja ya kuguswa. Uamuzi huo unastahili sifa kuliko nguvu za kufungua nati iliyoganda, na thamani yake huonekana wazi mahali kama Kisanga, kata ya wilaya ya Kilosa nchini Tanzania, iliyo upande wa Mikumi, ambako spea isiyopatikana katika maduka ya Mikumi huenda ikaagizwa Morogoro, zaidi ya kilomita 100. Madereva wengi wa bodaboda, yaani pikipiki za kubeba abiria, huendesha chombo cha mtu mwingine wanayemwita tajiri na kumpelekea hesabu, yaani kiasi walichokubaliana kwa siku au kwa wiki, au huendesha kwa mkataba mpaka pikipiki iwe yao. Fundi anayemuuzia dereva kama huyo kabureta mpya, ilhali kilichoziba ni chujio la hewa, amemtia hasara mara mbili, ya fedha na ya siku ya kazi.

Msingi wa utambuzi ni ule ule tangu Mjerumani Nikolaus Otto alipoifanikisha injini ya mipigo minne mwaka 1876: pistoni hunyonya mchanganyiko wa hewa na petroli, huubana, cheche huuwasha, kisha moshi hutolewa. Injini isiyowaka, iwe ya pikipiki ya Boxer au TVS, au ya gari la Toyota Vitz, kwa kawaida imekosa mchanganyiko sahihi, au cheche kwa wakati wake, au mbano, yaani uwezo wa silinda kuushikilia mchanganyiko uliobanwa usivuje. Fundi mwenye nidhamu huvipima vitu hivi kwa kufuata gharama, akianza na kile kisichohitaji kununua kitu.

Kwa sababu hiyo plagi ndiyo shahidi wa kwanza. Huchomolewa, huunganishwa tena na waya wake, hugusishwa na chuma cha injini mbali na tundu lenye mvuke wa petroli, kisha kiki hupigwa ili cheche, ambayo mafundi huiita moto, ionekane kama ni ya buluu na yenye nguvu au ni ya njano na dhaifu. Hata hivyo ushahidi wake mkubwa umo katika rangi ya ncha. Rangi ya kahawia iliyofifia huonyesha kwamba petroli inaungua vizuri. Masizi meusi makavu huonyesha kwamba petroli imezidi hewa. Weusi wenye unyevu wa oili huonyesha kwamba oili inapenya ndani ya silinda kupitia ringi za pistoni au sili za valvu. Na weupe huashiria joto lililozidi, mara nyingi kwa sababu petroli ni pungufu. Wakati wa kiangazi, barabara za udongo zinapotimua vumbi, masizi makavu humwelekeza fundi kwanza kwenye chujio la hewa, kabla hajaigusa kabureta.

Cheche ikiwa nzuri na petroli ikifika, swali huhamia kwenye mbano, na hapa ndipo ufundi huu unapopendeza zaidi. Fundi humimina oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupiga kiki upya: kiki ikiwa nzito kuliko awali, oili imeziba kwa muda pengo lililoachwa na ringi zilizochakaa, ikibaki nyepesi vilevile, mashaka huelekea kwenye valvu. Hata hapo hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, haifunguliwi mara moja, kwa kuwa valvu iliyokazwa kupita kiasi haikai sawasawa kwenye kiti chake, na dawa yake ni kurekebisha nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, kwa kutumia fila, yaani vibamba vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake kwa sehemu za milimita. Kazi hiyo haihitaji spea hata moja, na pikipiki nyingi zilizokwisha kuhukumiwa ovaholi zingeponea hapo.

Petroli nayo ina visa vyake. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwabaini wanaoyachanganya, lakini petroli ya vijijini hupita katika madumu na chupa nyingi, na maji huingia njiani. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutuama chini ya kabureta. Fundi hufungua skrubu ya chini, hukinga kwenye chupa inayopitisha mwanga, na akisubiri kidogo tabaka mbili hujionyesha zenyewe.

Katika gari dogo, kuchemsha ndiko kunakoharibu injini nyingi, na swali moja hupunguza nusu ya kazi: linachemsha likiwa limesimama au likiwa linapanda? Linalochemsha likisimama huelekeza kwenye feni, na linalochemsha kwenye mlima kama Kitonga huelekeza kwenye rejeta iliyoziba au maji yaliyopungua, nayo oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ni dalili kwamba hedi gasketi imekwisha na maji yamekutana na oili. Mazoea ya kuondoa thamostati yanasikitisha, kwa sababu injini hubaki baridi, kompyuta ya gari huendelea kuongeza petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi, na chanzo cha kuchemsha hubaki palepale. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari hutaja sakiti iliyolalamika tu. Kama hewa inaingia kupitia hosi iliyopasuka, ni sikio na jicho la fundi vitakavyoipata.

Maarifa haya hufundishwa katika vyuo vya VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na yenye chuo chake hapo Mikumi, na hufundishwa pia katika gereji za chini ya miti, ambako kijana huanza kwa kuosha vifaa kwa petroli na kupitisha spana. Linalochukua muda kumwingia kijana ni subira ya kupima kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa maana anayebadilisha plagi, koili na kabureta kwa pamoja anaweza kuiwasha pikipiki bila kujua alichotibu, na ikizima tena wiki ijayo hana pa kuanzia. Mafundi wanaoaminiwa humrudishia mwenye chombo spea iliyotolewa na kumwonyesha palipolika, ili ajue alichokilipia.