Pande Nane za Beethoven, Pande Mbili za Benga

Mara ya kwanza kusikiza Simfoni ya Tano ya Beethoven iliyorekodiwa mwaka 1913, nilidhani simu yangu imeingia maji. Nilikuwa kwa matatu, natoka Homa Bay naenda Rongo kugawa vitu vya marehemu baba mdogo, na Berlin Philharmonic chini ya Arthur Nikisch ilisikika kama watu wanakaanga samaki chumba cha pili.

Nikarudia. Studioni hakukuwa na maikrofoni bado. Kurekodi kwa umeme kulikuja 1925. Wanamuziki walisongamana mbele ya pembe, na upande mmoja wa santuri ulibeba dakika nne hivi tu, ndiyo maana simfoni ikakatwakatwa pande nane. Besi karibu haipo. Lakini Nikisch anavuta, anaachilia, anakimbia tena. Rekodi nyingi za siku hizi ni safi kama sakafu ya benki, na zinaenda mwendo mmoja utadhani zinaogopa kuchelewa kazini.

Zile pande nane ndizo zilinishika. Baba mdogo alikuwa na santuri ndogo za benga, Shirati Jazz ya D.O. Misiani ikiwa juu ya rundo. Wimbo mmoja, sehemu mbili: upande wa kwanza hadithi, ukigeuza, magitaa yanawaka. Ule muda wa kugeuza, watu wamesimama tu wakingoja, kwangu ulikuwa ndani ya wimbo. Watu wa benga waliujua mkato wakautungia. Beethoven angeujulia wapi? Alikufa 1827, miaka hamsini kabla ya mashine ya Edison, kwa hivyo santuri inamkata neno likiwa bado mdomoni.

Leo mafundi wameunganisha pande zote nane, hausikii mshono. Hiyo sawa. Ila kuna wale wanaosugua hadi kelele ya sindano iishe, na hapo nakataa kabisa: violini zinaondoka nayo, unabaki na okestra iliyofunikwa blanketi.

Rongo, binamu mmoja alishaweka santuri kando na takataka. Ati zote ziko YouTube. Kusema ukweli nyingi ziko. Nilizipakata hivyo hivyo hadi Homa Bay, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia. Mashine sina. Kuna fundi wa redio sokoni ameniambia nipitie Jumamosi, huenda akapata sindano.