Si kila ajuaye lugha mbili ni mkalimani

Majuzi nilikuwa Magunga, Suba Kusini, katika kikao cha kusikiliza mzozo wa shamba. Nyanya mmoja alitoa ushahidi kwa Dholuo. Afisa aliyekuwa akiandika hakuijua lugha hiyo, basi akauliza: “Nani hapa anajua Kiswahili vizuri?” Kijana mmoja akainua mkono. Papo hapo akawa mkalimani!

Nyanya akasema kwamba mlalamishi ni jadak. Kijana akafasiri: “Anasema huyu ni mkazi wa hapa.” Wazee wakaguna. Afisa akaandika.

Hebu tulitazame neno hilo. Katika Dholuo, dak ni kuishi au kukaa, na ja- ni kiambishi cha mtendaji, mithili ya m- katika Kiswahili. Kwa umbo, kijana hakukosea. Kwa maana, alipotoka pakubwa. Katika mila za Waluo, jadak ni mgeni aliyekaribishwa na wenye ardhi. Atajenga na kulima, lakini ardhi si yake. Nyanya alimaanisha kwamba mtu huyu hana shamba pale. Karatasi ikasema ni mwenyeji. Ushahidi ukamgeukia aliyeutoa! Hata “mpangaji” lisingefaa, kwani mpangaji hulipa kodi. Mkalimani aliyefunzwa angelitaja neno lenyewe, kisha alifafanue: mgeni aliyepewa mahali pa kuishi bila kumiliki.

Niliomba nafasi, neno likasahihishwa. Je, siku ambayo hakuna mwalimu wa lugha aliyeketi pale nyuma?

Simlaumu kijana. Kosa ni la dhana yetu kwamba kujua lugha mbili ni kujua kufasiri. Katiba ya 2010, Kifungu cha 50(2)(m), humpa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Ni haki adhimu, ila kifungu hakisemi mkalimani huyo awe na ujuzi gani. Isitoshe, nyanya wetu hakuwa mshtakiwa.

Nasi wa vyuo vikuu tusijifiche. Ukitaka mkalimani wa Kifaransa na Kiingereza jijini Nairobi, utampata mwenye shahada ya uzamili katika kazi hiyo. Wa Dholuo na Kiswahili je? Utaambiwa, “Shika yeyote aliyemaliza kidato cha nne.” Na huku Gwassi wapo wazee ambao lugha yao ya kwanza ni Olusuba. Hao ndio wamesahaulika kabisa.

Tuanze na kidogo: kozi fupi katika kaunti, mtihani, kiapo, na orodha ya istilahi za ardhi, ndoa na urithi katika lugha zetu. Dholuo haina uhaba wa wasemaji. Kinachokosekana ni wakalimani.

Si kila mwenye makucha huwa simba.