Vijana Wawili na Bahari: Ugumu wa Riwaya ya Jamie O'Neill

Ugumu wa kitabu huwa wa namna mbili. Upo utokao katika udhaifu wa mtungaji, asiyejua analotaka kusema. Na upo utokao katika jambo lenyewe, ambalo halijapata maneno mepesi ya kulisemea. Riwaya ya Jamie O'Neill iitwayo At Swim, Two Boys, iliyochapishwa mwaka 2001, yastahili kupimwa kwa mizani hii, maana ni ndefu, lugha yake ni nzito, na habari yake ni mapenzi ya vijana wawili wa kiume katika siku za vita. O'Neill, aliyezaliwa Ireland mwaka 1962, aliitunga kwa muda wa miaka 10 hivi, huku akifanya kazi ya ubawabu wa usiku katika hospitali ya London.

Hadithi yaanza mwaka 1915 katika vitongoji vya pwani, kusini ya Dublin. Ireland ilikuwa bado chini ya Uingereza, na maelfu ya Waairishi walikuwa wakipigana katika jeshi la Mfalme huko Ufaransa na Gallipoli. Jim Mack, mwana wa mwenye duka, ni mwanafunzi mpole, mcha Mungu. Doyler Doyle ni mtoto wa maskini, mfanyakazi wa gari la samadi, mwenye kuchechemea mguu na kushika sana mafundisho ya ujamaa. Doyler amfundisha Jim kuogelea mahali paitwapo Forty Foot, nao waagana kwamba ifikapo Pasaka ya 1916 wataogelea pamoja hadi kwenye miamba ya Muglins. Hawajui kwamba Pasaka hiyo hiyo, tarehe 24 Aprili, wazalendo watashika silaha Dublin.

Msomaji hakaribishwi kwa upole. Kurasa za kwanza zamfuata Bwana Mack, babaye Jim, askari wa zamani, ambaye hafikiri kwa sentensi kamili: vipande vya matangazo ya biashara, misemo ya kambini na hesabu za duka vyapishana akilini mwake bila mpango. Athari ya James Joyce yaonekana wazi, wala mtungaji haifichi. Hata jina la kitabu lachezea lile la riwaya ya Flann O'Brien ya mwaka 1939, At Swim-Two-Birds. Lakini mwigo huu una kazi yake. Bwana Mack ana maneno mengi, na yote ni ya kuazima: ya jeshi, ya kanisa, ya watu wenye heshima. Msiba wa Gordie, mwanawe mkubwa aliyepotelea Gallipoli, umfikapo, maneno hayo hayamfai kitu. Uzito wa kimya chake huweza kusikiwa na yule tu aliyevumilia kelele za mwanzo.

Upungufu wa Jim ni mkubwa zaidi. Ampenda Doyler, wala hana jina la penzi hilo. Kanisa limempa neno la dhambi, na serikali neno la jinai. Yeye aona kwamba yote mawili hayafanani na jambo alilo nalo moyoni. Ndiyo sababu bahari imepewa nafasi kubwa hivi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nao hujifunza majini kile wasichoweza kukitamka barabarani.

Mwenye kutafuta maneno kwa niaba yao ni MacMurrough, mtu mzima wa ukoo wa kitajiri, aliyetoka gerezani Uingereza baada ya miaka 2 ya kazi ngumu, adhabu ile ile aliyopewa Oscar Wilde mwaka 1895 kwa sheria ya 1885. Kichwani mwake husema sauti kadhaa. Iliyo kuu ni ya Scrotes, msomi aliyekuwa mfungwa mwenzake na sasa ni marehemu. Kurasa hizi ndizo ngumu kuliko zote, kwa kuwa si rahisi kupambanua nani asema, na mara nyingine sauti zazidi haja. Hata hivyo moyo wa kitabu u hapo. Scrotes amhimiza MacMurrough achimbue katika historia na fasihi maneno ambayo vijana wale wataweza kuyaita yao. Hivyo Jim apata kusikia habari za Jeshi Takatifu la Thebes, ambalo kwa mapokeo lilikuwa la wapendanao, nalo likaangamia Chaeronea mwaka 338 K.K. Aambiwa, kwa namna fulani, kwamba naye ana mababu.

Kwa Jim, basi, nchi ya kupigania ni Doyler mwenyewe. Mhakiki mkali aweza kusema kwamba mtungaji ameitwisha historia mzigo usio wake. Historia yenyewe yajibu. Roger Casement, mzalendo aliyenyongwa London tarehe 3 Agosti 1916, alipoombewa msamaha, wakuu wa Uingereza walisambaza kwa siri kurasa zilizosemwa kuwa za shajara yake, zenye habari za mapenzi yake kwa wanaume, ili watetezi wake wanyamaze. Tena dola ya Ireland iliyozaliwa mwaka 1922 ilirithi sheria ile ya 1885, ikaishika hadi mwaka 1993. Bendera ilibadilika, sheria ya mtawala ikabaki.

Lawama iliyo na nguvu zaidi yahusu mwisho. Doyler afa katika mapigano. Katika vitabu vingi vya mapenzi ya namna hii mmoja wao sharti afe, kana kwamba kaburi ndiyo ruhusa pekee, na O'Neill hakuiepuka desturi hiyo. Lakini Doyler afa kifo cha askari, kama mamia waliokufa juma lile. Hafi kwa kuadhibiwa kwa penzi lake. Tofauti hiyo ni kubwa, ingawa haimwondolei msomaji majonzi.

Mwanafunzi atakayekishika kitabu hiki na akisome polepole, pengine kwa sauti, maana sikio humtambua msemaji kabla ya jicho. Akifika kwenye miamba ya Muglins atajua kwamba ugumu aliousumbukia ni wa namna ile ya pili.