Chuma Hakisomi Programu

Kabla ya kuwasha mashine, fundi wa kukereza vyuma hujiuliza maswali matatu: nitumie kisu gani, kizunguke kwa kasi gani, na kisogee mbele kwa mwendo upi. Frederick Winslow Taylor alianza kuyatafutia majibu mwaka 1880 katika kiwanda cha chuma cha Midvale, Philadelphia, na kazi hiyo ikamchukua miaka 26. Alipochapisha matokeo mwaka 1907, majaribio yake yalikuwa yameshageuza zaidi ya tani 360 za chuma kuwa maranda. Hakufanya hivyo kwa kupenda elimu tu. Alitaka maarifa yatoke kichwani mwa fundi yahamie kwenye majedwali ya ofisini, ili fundi akifika asubuhi akute karatasi ya maagizo na aifuate. Jambo moja lilimgomea: ule mtetemo wa kisu unaopiga yowe na kuacha mawimbi juu ya chuma. Taylor mwenyewe alikubali kwamba hilo ni fumbo zito kuliko mengine yote ya kazi hiyo.

Mashine ya CNC, ile inayoongozwa kwa namba za kompyuta, ni mjukuu wa ndoto ya Taylor. Katika miaka ya 1940, John T. Parsons wa Traverse City, Michigan, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Yeye na mhandisi wake Frank Stulen walikokotoa nukta za mikunjo kwa mashine za kadi zilizotobolewa. Kisha karakanani mtu mmoja alisoma namba kwa sauti, na wengine wawili wakazungusha mikono ya mashine, kila mmoja kwa mhimili wake. Wazo la kuondoa wale watu na kuacha kadi zizungushe mikono lilijileta lenyewe. Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani likatoa fedha, chuo cha MIT kikaingia, na mwaka 1952 ikaonyeshwa hadharani mashine iliyokata chuma kwa kusoma utepe wa karatasi. Mwaka 1959 MIT ikatangaza APT, lugha ya kuandikia programu za mashine hizo, na waandishi wa habari wakagawiwa visahani vya alumini vya kuwekea majivu ya sigara, vilivyochongwa kwa lugha hiyo. Programu nyingi za CAM, zile za kupangia njia ya kisu, tunazofungua leo zina damu ya APT.

Mwanahistoria David Noble, katika kitabu chake cha mwaka 1984, anakumbusha kwamba kulikuwa na njia nyingine. Kampuni ya General Electric ilijaribu mashine iliyorekodi mienendo ya fundi hodari akichonga kipande cha kwanza, kisha ikairudia kwa vipande vilivyofuata. Noble anadai njia ile ilitupwa kwa sababu iliuacha ufunguo mikononi mwa fundi, na wakubwa hawakutaka hivyo. Nakubaliana naye nusu. Bawa la ndege lenye mkunjo unaobadilika kila upande halichongeki kwa mkono hata fundi awe hodari vipi, hesabu ilihitajika. Nusu nyingine ni kweli tupu, na ushahidi wake umebaki kwenye karibu kila mashine hadi leo.

Ushahidi wenyewe ni swichi. Tazama paneli ya CNC karibu yoyote, mpya au kuukuu: kuna swichi ya kuzungusha yenye asilimia, kuanzia sifuri na kupanda mpaka kupita mia. Programu ikisema kisu kisogee milimita 900 kwa dakika, fundi akiiweka swichi kwenye 50, kitasogea 450. Akiiweka kwenye sifuri, kinasimama palepale. Ofisi iliyojua kila kitu isingehitaji swichi hii. Imewekwa kwa sababu utepe ulipofika karakanani ilibainika kwamba chuma hakiusomi: kipande cha leo kina ganda gumu upande mmoja, kisu cha leo kimeshafanya kazi jana, na jiliwa limebana pembeni kidogo. Basi mtu akarudishiwa mkono, japo kwa mlango wa nyuma.

Nichukue kazi moja ya kawaida: hausingi ya alumini kwa ajili ya beringi namba 6206, ile inayojulikana na kila fundi wa pampu. Kipenyo cha nje cha beringi hiyo ni milimita 62. Mchoro unadai tundu la 62 H7, maana yake lisipungue 62.000 na lisizidi 62.030. Nafasi ya kukosea ni mikroni 30, chini ya nusu ya unene wa unywele.

Kwenye skrini kazi hii ni ya kitoto. Unachora silinda, unachagua tundu, unachagua kisu kwenye maktaba, na mistari ya rangi inajizungusha yenyewe. Kazi ngumu ilishatangulia, na haina kitufe: kipande kitashikwaje? Uso upi uchongwe kwanza ili uwe msingi wa nyuso nyingine? Ukibana alumini nyembamba kwa nguvu, mataya ya jiliwa yanaipinda, unachonga tundu la duara kamili, unafungua jiliwa, na tundu linageuka yai. Ukibana kidogo, kipande kinang'oka. Fundi mzuri anakigeuzageuza kile kitofali cha alumini mkononi muda mrefu kabla ya kugusa kompyuta, na ukimwuliza anafanya nini atakwambia hafanyi kitu. Hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Anaifanya kazi yote kichwani, mpaka mwisho, halafu anarudi nyuma kutafuta mahali itakapoharibika.

Kisha kinakuja kisu. Endimili ya kabaidi yenye kipenyo cha milimita 10 na meno matatu ingependa kukata alumini kwa mizunguko 8,000 kwa dakika. Mashine kuukuu inayokomea 6,000 itakata kwa 6,000, na kila jino likipewa milimita 0.05 tunapata ile 900 ya mwendo. Hesabu hii iko kwenye kila kitabu. Kisichokumbukwa upesi ni urefu wa kisu kinachochomoza nje ya kishikio. Ukiuzidisha mara mbili, kwa nguvu ileile kisu kitapinda mara nane. Mwanafunzi anayeacha kisu kining'inie kama mwanzi wa kuvulia atapata ukuta ulionyooka vizuri kwenye skrini na uliolala kwenye chuma. Na unene wa maranda nao una hila yake: ukikata kwa upande, ukala moja ya kumi tu ya kipenyo cha kisu, maranda hutoka na asilimia 60 ya unene ulioukusudia. Yakiwa membamba kupita kiasi, jino halikati tena, linasugua, na joto la kusugua huua kisu haraka. Mtu wa kawaida kwa woga angepunguza mwendo. Fundi anauongeza.

Programu ikishakamilika kwenye CAM hupitishwa kwenye posti, kile kipande cha programu kinachotafsiri mistari ya rangi kuwa lugha ya mashine fulani: G0 kwa kuruka, G1 kwa kukata kwa mstari ulionyooka, G2 na G3 kwa mikunjo, G54 kwa kusema sifuri ya kazi iko wapi, G43 kwa kuhesabu urefu wa kisu. Wapo wanaoidharau lugha hii siku hizi, wakisema kompyuta huiandika. Mimi simwamini mtu anayebonyeza kitufe cha kijani bila kusoma mistari ishirini ya mwanzo. Kwenye mashine nyingi za zamani, X62 iliyoandikwa bila nukta inasomwa kama mikroni 62. Nukta moja inaweza kumfanya mtu anunue spindeli.

Ndipo inafika dakika ambayo kila mpita njia huiona kuwa ya uvivu. Fundi amesimama mbele ya kioo, mkono mmoja kwenye swichi, mwingine karibu na kitufe chekundu. Mwendo wa kuruka ameushusha hadi asilimia 25 au chini ya hapo. Anaendesha mstari mmoja mmoja. Kisu kinashuka, kinasimama juu ya kipande. Anasoma kwenye skrini umbali uliobaki na kuulinganisha na nafasi anayoiona kwa macho. Namba ikisema zimebaki milimita 40 na macho yakaona kumi, hapo hapo anasimamisha. Uigaji wa kompyuta haukumwonyesha ile bolti ya kubania kwa sababu hakuna aliyeichora.

Kisu kikianza kukata, kazi inahamia masikioni. Mlio laini usiobadilika ni mwema. Ukianza yowe, tumerudi kwa Taylor na fumbo lake, na dawa yake bado inamshangaza anayeanza: mara nyingine kasi ya mzunguko hupandishwa ili mlio utulie.

Tundu la 62 likiwa tayari, usipime hapo hapo. Alumini iliyotoka kuchongwa ikiwa na joto la nyuzi 40, na kipimo chako kimewekwa sawa kwenye nyuzi 20, tundu litasomeka kubwa kuliko lilivyo kwa karibu mikroni 29. Ile nafasi yote ya mchoro imeliwa na joto. Utasoma 62.015, utafurahi, na kesho yake beringi itagoma kuingia. Vipimo vya dunia nzima huhesabiwa kwenye nyuzi 20, hali ambayo karakana isiyo na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa haiipati kwa urahisi. Kwa hiyo unaacha kipande na maikromita vilale kwenye meza moja mpaka vilingane joto, halafu unakumbuka kwamba alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida, unafanya hesabu, na unakunywa chai.

Kenya iliwahi kuijaribu kazi hii kwa ukubwa. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari. Magari ya mfano ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa mwaka 1990. Fedha za kuyazalisha kwa wingi hazikupatikana. Kampuni iliyobaki ikaitwa Numerical Machining Complex, ikageukia kuchonga vipuri vya viwanda. Watu huitaja hadithi hiyo kwa kicheko, jambo ambalo naona si haki, maana anayeweza kuchonga kipuri cha kiwanda ana kitu cha thamani kuliko gari la maonyesho.

Lakini karakana ninazozipenda ni ndogo: mashine moja ya mitumba, kompyuta mpakato yenye vumbi, na mtu mmoja. Mtu huyohuyo anachora, anaandika programu, anabana, anakata, anapima, na mteja akipiga simu anapokea yeye. Ule mpaka kati ya ofisi na sakafu ambao Taylor aliusimamisha haupo humo, kwa sababu hakuna pesa ya kuajiri watu wawili. Umeme ukikatika kisu kikiwa ndani ya chuma, hana wa kumwuliza. Ukirudi, hawezi kuanza tu pale mashine iliposimama, kwani imesahau inatumia sifuri gani, kisu cha urefu gani, inazunguka kasi gani. Anapanda juu ya programu mstari kwa mstari, anakusanya kila amri iliyokuwa bado na nguvu, anainua kisu kwa mkono, anairudisha mashine nyumbani, kisha anaianzisha upya akiwa ameshika ile swichi.

Halafu mteja anafika kuchukua hausingi, anamkuta amekunja mikono mbele ya kioo, na anataka apunguziwe bei kwa kuwa mashine inajifanyia kazi yenyewe. Fundi habishani. Anamtajia bei ya kipande kimoja, halafu ya vipande kumi, na mteja anashangaa kuona kwamba cha pili hadi cha kumi kila kimoja ni rahisi mno kuliko kile cha kwanza.