Kontabilite kwenye ubao, kompyuta kwenye kaye

Mimi ni mtu wa kilimo. Niko na licence ya agronomia, na kazi yangu ni kuzunguka kwa wakulima wa kahawa huku upande wa Butembo na Lubero. Mtaniuliza: mtu wa jembe anatafuta nini katika option Commerciale? Nitawaeleza. Ni msichana wa Commerciale aliyeniondolea aibu mbele ya watu, na ni masomo hayohayo ya Commerciale ninayotaka kukosoa leo.

Msimu uliopita kikundi kimoja cha wakulima kiliniita. Hesabu yao haikufunga. Kaye ya kasha ilionyesha kwamba kunapaswa kuwa na dola zaidi ya 600 ambazo hazikuonekana popote. Mama mwenye kutunza kasha alikuwa amekaa pembeni, kitambaa mkononi, hasemi kitu. Wazee wawili walikuwa wameanza kutaja neno wizi. Wakaniambia: "Injeniya, wewe umesoma, angalia." Niliangalia usiku mzima. Naweza kukwambia kahawa yako inaugua nini kwa kutazama jani moja, lakini kaye ile ilinishinda. Nikaibeba nyumbani.

Mdogo wangu, ambaye alikuwa amepata diploma ya serikali katika Commerciale Informatique, aliichukua wakati ninakula. Sijamaliza sahani, akaniita.

"Yaya, hii 600 imeandikwa mara mbili. Mununuzi aliituma kwa M-Pesa, mama akaandika: imeingia. Kisha mama akaenda kuitoa kwa kabini ili alipe watu, akaandika tena: imeingia. Lakini siku ya pili haikuingia. Ilihama tu mufuko."

Ilihama tu mfuko. Tofauti ndogo iliyobaki ilikuwa makato ya kutoa franga kwa kabini, ambayo hakuna aliyeyaandika. Kesho yake tulirudi, tukaeleza, wazee wakaomba msamaha, na mama yule anatunza kasha mpaka leo.

Nianze basi na kuungama. Tulipokuwa humanités, sisi wa Chimie-Biologie tuliwacheka wa Commerciale. Tulisema wamekimbia hesabu, wanajifunza kuandika barua na kugonga mashine. Wazazi nao walisema hivyohivyo: mtoto mwenye akili aende Math-Physique au Chimie-Biologie, anayebaki aende Commerciale. Ndivyo wengi wetu tulivyochaguliwa njia ya maisha tukiwa na miaka 14, mwisho wa mwaka wa 8, kwa kuangalia pointi na kwa kuangalia ni option gani inapatikana karibu na nyumbani. Hakuna aliyetuuliza: unapenda kazi gani? Wala hakuna aliyetuonyesha mtu anayeifanya.

Kumbe masomo yenyewe yana nguvu. Debi na kredi si mchezo wa ubaoni tu. Ni kanuni inayokulazimisha kuuliza, kwa kila faranga, imetoka wapi na imekwenda wapi. Mtu aliyeshika kanuni hiyo miaka minne hawezi kukubali "imeingia" kirahisi. Mimi na licence yangu sikuwa na kanuni hiyo. Kwa hiyo anayesema Commerciale ni option ya bure, mimi si wa upande wake.

Lakini baada ya siku ile niliomba mdogo wangu anionyeshe kaye zake zote, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa nne wa humanités. Nilizisoma kama vile ninavyosoma shamba. Nikaona mambo matatu ambayo yanaumiza.

La kwanza ni kompyuta. Kaye ya informatiki ni nzuri sana, mwandiko safi, vichwa vimepigwa mstari mwekundu. Kuna maana ya unité centrale, maana ya RAM, aina za périphériques. Kisha kuna ukurasa ambao ulinishika roho: amechora Excel kwa rula. Nguzo A, B, C, mistari 1 mpaka 10, na katika kisanduku kimoja ameandika fomula ya kujumlisha kwa bic. Nikamuuliza kama aliwahi kuiandika kwenye mashine. Akacheka: "Yaya, tulikuwa sita kwa mashine moja, na siku ya groupe kukosa mafuta, tulirudi kwa kaye." Mtu anaweza kuchora baiskeli vizuri miaka minne. Siku ya kuipanda ataanguka. Na ndiyo aliyoanguka: alipokwenda kujaribu kazi kwenye depo moja, walimpa mashine wakamwambia aingize stoki. Dakika kumi za kwanza alikuwa anatafuta namna ya kupanua nguzo. Hawakumwita tena.

La pili ni kampuni. Katika kaye za kontabilite kuna kampuni ambayo ina benki, ina mtaji uliogawanywa, inanunua mali kwa mkopo na kulipa kwa hundi. Kila zoezi ni ile kampuni. Sasa zunguka Butembo. Ni wachuuzi wangapi utakuta wanaandika hundi? Mfanyabiashara wetu ananunua kwa dola, anauza rejareja kwa faranga, anakopesha kwa kumwamini mtu, analipwa kwa simu, na mali yake imepita Kasindi katika gari ambalo amechangia na wenzake watano. Katika kaye za mdogo wangu sikuona zoezi hata moja lenye dola na faranga pamoja. Sikuona kabini. Sikuona deni la jirani.

Mtu atasema: mwalimu anafuata sheria ya kontabilite, na sheria haijui kabini. Hapana. Hapo ndipo nilipostuka. Nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012. Mpango mpya wa hesabu wa OHADA, ule SYSCOHADA uliorekebishwa, unatumika tangu Januari 2018. Ndani yake kuna konti namba 55, iliyowekwa makusudi kwa franga za kielektroniki, na franga za kwenye simu zina nafasi yao mle. Yaani M-Pesa ya mama yule ina namba yake. Ingewekwa kwenye 55, kasha ikabaki kwenye 57, na kuhama kwa 600 kutoka moja kwenda nyingine kungeonekana wazi. Mdogo wangu aliligundua kosa kwa akili yake, lakini hakujua kwamba konti hiyo ipo. Kaye yake haina. Amenakili kwa mwalimu, na mwalimu bila shaka naye alinakili kwenye kaye ya zamani. Simlaumu mwalimu anayelipwa kwa kuchelewa na asiye na kitabu. Lakini mtoto ndiye anayetoka na mpango uliopitwa.

Na kuna zaidi. OHADA hiyohiyo imeweka njia nyepesi kwa biashara ndogo, inaitwa Système minimal de trésorerie. Duka ambalo mauzo yake hayafiki milioni 60 za faranga CFA kwa mwaka, ni kusema karibu dola laki moja, linaweza kushika hesabu kwa kuandika tu kilichoingia na kilichotoka, na mwisho wa mwaka kuangalia stoki, madeni na wadeni. Niambieni, ni maduka mangapi ya soko letu yanapita hapo? Hii ndiyo hesabu ya mtaa. Katika kaye za miaka minne, nimeikuta katika nusu ya ukurasa, kama maana ya kukariri.

La tatu ni mtihani. Sote tumepita Exetat, tunajua. Siku nne za session ordinaire, majibu ya kuchagua, na mwaka mzima wa mwisho unageuka kuwa mazoezi ya items za miaka iliyopita. Kweli, wa ufundi wana jury pratique yao. Lakini jury inaweza kupima nini kwa mtoto aliyeshika mashine mara chache? Inapima kile shule inacho. Basi shule inafundisha kinachoulizwa, mtihani unauliza kinachofundishwa, na soko liko nje ya mlango linangoja. Hata staji haikuufungua mlango ule. Mdogo wangu alifanya staji katika biro moja ya mji. Mwezi mzima alitoa fotokopi na kununua maji. Ripoti yake ya staji ina kurasa 20, na 12 kati ya hizo ni historia ya biro.

Sasa tuongee njia, maana ndilo swali la wadogo zetu wanaotuandikia kila mwezi wa saba: "Nimemaliza Commerciale, niende wapi?" Jibu letu ni moja tu kila mara: nenda chuo, ISC au économie, au informatique de gestion. Kama wazazi wana minervali, ni sawa. Kama hawana, tunamhubiria ujasiriamali. Tunamwambia "jiajiri" wakati hatujawahi kumwonyesha kaye ya duka moja linaloishi. Mimi naona hiyo ni kumkwepa. Kati ya chuo na mahubiri kuna kazi zenye majina: kushika stoki ya depo, kuandaa karatasi za mali inayopita forodha, ambako siku hizi DGDA inatumia programu ya SYDONIA, kutunza hesabu za kikundi cha akiba, za kliniki ndogo, za koperativi ya kahawa. Kazi hizo hazihitaji miaka mitano. Zinahitaji kanuni ambayo mtoto wa Commerciale anayo tayari, na mikono iliyozoea mashine ambayo hajapewa.

Najua mtanipinga. "Injeniya, umeme hakuna, shule haina franga za kununua kompyuta 20." Ni kweli, na serikali haiwezi kuachwa bila kuulizwa. Lakini tazameni vizuri: katika yale matatu, ni moja tu linalodai umeme. Konti 55 haihitaji groupe. Mfumo mdogo wa kasha unahitaji kaye na kalamu. Kumtuma mwanafunzi akae Jumamosi nne na mama mmoja wa soko, aandike kilichoingia na kilichotoka, kisha alete darasani kama zoezi, kunahitaji ruhusa ya prefe tu. Na hata kwa kompyuta, simu nyingi ambazo watoto wanabishania mpira zinaweza kufungua jedwali la hesabu. Ni ndogo, inachosha macho, lakini fomula iliyoandikwa kwa kidole inajibu. Ile ya rula haijibu.

Nisiwaonee wa Commerciale peke yao. Nilitoka kwenye fakilte yangu bila hata siku moja kuhesabu kama shamba la hekta moja linamlipa mwenyewe. Nilijua mbolea, sikujua bei ya gharama. Ndiyo maana kaye ya mama yule ilinishinda. Sisi wa licence tumechorewa baiskeli pia, tofauti ni kwamba yetu imechorwa kwenye karatasi nzuri.

Mdogo wangu leo anafanya kazi kwenye kabini, chini ya mwavuli, kwa komisyo. Tunatafuta minervali ya chuo na bado haijatimia. Lakini mwezi uliopita kikundi kile cha kahawa kilimwita, yeye, si mimi. Aliwachorea kaye mpya yenye sehemu tatu: kasha ya dola, kasha ya faranga, na simu. Kila kinachohama kutoka sehemu moja kinaandikwa pale kinapofika pia, na hakiitwi mapato. Mama mwenye kasha alijaribu mbele ya wote, akakosea mara moja, akarudia, ikafunga. Walimpa mdogo wangu nauli ya moto na kuku mmoja. Wamemwambia arudi kila mwisho wa mwezi, na safari ijayo bei itazungumzwa kwanza.

Kwa hiyo ombi langu kwa ninyi mliotoka Commerciale na mnasoma hapa. Katika mtaa wenu hakukosi kikundi, kanisa au duka ambalo hesabu yake haifungi, na huenda kuna mtu anayeitwa mwizi bure kwa sababu hiyo. Nendeni na kaye. Na ninyi mnaofundisha, andikeni konti 55 ubaoni wiki hii. Si lazima tungoje programu mpya kutoka Kinshasa.