Shahada Ikivuka Mpaka, Nani Huipima?

Mwaka 2010 Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lilitoa mwongozo wa ubora uitwao A Road Map to Quality, kwa msaada wa taasisi za Kijerumani DAAD na HRK. Juzuu zake zinahusu mambo kama haya: idara kujitathmini, wataalamu wa nje kuitathmini programu, chuo kizima kujitathmini, na namna ya kuujenga mfumo wenyewe wa uthibiti wa ubora. Makala haya yanauhakiki mwongozo huo kwa jicho la walimu wa Kiswahili tulioko Bujumbura. Baadhi yetu tulivuka mpaka kutafuta shahada ya uzamili, na wanafunzi wetu nao wanajiandaa kuvuka.

Tuanze na sifa yake. Mwongozo hauanzi kwa kuhesabu majengo wala viti. Unaitaka idara iseme kwanza mhitimu wake atakuwa anaweza kufanya nini, ndipo ioneshe jinsi masomo na mitihani vinavyomfikisha huko. Hilo ni swali zuri, na kila mwalimu angepaswa kulijibu kabla ya kuandika muhtasari wa somo.

Hata hivyo, mjadala wa ubora katika kanda yetu aghalabu huishia kwenye krediti. Tuchukue mfano wa mwajiri katika Zone Industrielle, eneo la viwanda na maghala la jiji letu. Mezani pake kuna vyeti viwili vya shahada ya kwanza ya miaka mitatu. Kimoja kimetoka Tanzania na kina krediti 360. Kingine ni cha hapa Burundi, chini ya mfumo wa BMD, na kina krediti 180. Asiyejua atadhani Mrundi amesoma nusu tu. Kumbe Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ilhali katika mifumo ya aina ya BMD huwa kati ya saa 20 na 25. Hata tukichukua 20, pande zote mbili zinafikia saa 3,600. Mwaka 2015 kanda ilipata mfumo wa pamoja wa sifa za kitaaluma, na tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa nchi wakaitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Lakini tangazo halimfikii mwajiri huyo isipokuwa mtu amweleze hesabu hii.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba, hata hesabu ikieleweka, saa si ujuzi. Vyuo viwili vinaweza kuwa na somo la Mofolojia ya Kiswahili lenye saa zilezile. Katika kimoja mwanafunzi anachambua matini na kuandika, katika kingine ananakili maelezo ubaoni. Mwajiri wetu anahitaji mtu wa kumwandikia wakala wa mizigo wa Kigoma barua ya Kiswahili sanifu isiyoleta utata. Krediti hazimwambii kama mhitimu anaiweza barua hiyo. Jibu limo katika kazi alizoandika mwanafunzi na jinsi zilivyosahihishwa.

Kasoro nyingine ni ya lugha. Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini mwaka 1999 uliagiza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya kanda, lakini mwongozo uliandikwa kwa Kiingereza. Burundi, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2007, hufundisha vyuoni zaidi kwa Kifaransa, na pia ni mwanachama wa CAMES, baraza la nchi zinazotumia Kifaransa lenye makao yake Ouagadougou. Idara ya Kiswahili ikijitathmini kwa lugha ya tatu, kuna hatari ya ripoti kupima ufasaha wa mwandishi wake kuliko ubora wa darasa.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili za kanda zibadilishane kila mwaka karatasi chache za mitihani zilizosahihishwa, majina yakiwa yamefichwa, ili tuone kama alama A ya Bujumbura ni A ya Dar es Salaam na ya Eldoret. Pili, utaratibu wa mtahini wa nje usiwe wa kutia saini tu, bali mtahini akae darasani na kuwasikiliza wanafunzi. Tatu, ripoti za kujitathmini za idara zetu ziandikwe kwa Kiswahili, kisha zitafsiriwe inapobidi.

Mwongozo ni mzuri, lakini hauwezi kujisimamia wenyewe. Tusipopimana sisi walimu, mhitimu ataendelea kuvuka mpaka na cheti halali ambacho hakuna anayejua uzito wake, na atakayelipa gharama ya kutojua huko ni yeye.