Kuitambua Kazi Bora ya Viti vya Gari: Mwongozo kwa Karakana Ndogo ya Kolwezi

Ubora wa ushonaji wa ndani ya gari hupimwa kwa mambo manne: nyenzo ya juu, sponji iliyo chini yake, mshono, na jinsi kifuniko kilivyofungwa kwenye fremu ya kiti. Mteja huona la kwanza tu, na hata hilo hulipima kwa rangi. Matatu yaliyobaki yamefichika, nayo ndiyo yanayoamua kama kiti kitadumu miaka au kitalegea kabla ya mvua za pili. Anayefungua karakana ya kazi hii Kolwezi anapaswa kwanza kujua kuyasoma yote manne katika kazi ya mafundi wengine, kwa kuwa kazi yake mwenyewe itasomwa vivyo hivyo.

Mazingira yanayoipima kazi

Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Jua la huko ni kali kuliko joto la hewa linavyoonyesha, na gari lililofungwa vioo mchana hupata joto linaloweza kulainisha gundi dhaifu. Miezi ya kiangazi huleta vumbi jekundu la barabara za migodi. Chembe zake huingia kwenye mishono na kuisaga kila abiria anapokaa na kuinuka. Mvua, zinazonyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, hugeuza vumbi hilo kuwa tope linalopanda na viatu na nguo za kazi.

Ukanda wa shaba una jambo moja zaidi ambalo vitabu vingi vya ufundi havilitaji. Shaba na kobalti husafishwa kwa asidi ya salfa katika viwanda kama kile cha Luilu, na wafanyakazi wa idara hizo huweza kurudi garini na matone ya asidi kwenye nguo. Asidi hiyo hula pamba na kudhoofisha nailoni, lakini poliesta huihimili vizuri ikiwa si kali. Kwa hiyo kifuniko cha turubai ya pamba, kinachosifiwa kwingineko kwa ugumu wake, huweza kutoboka mapema katika gari linalobeba watu wa kiwanda.

Nyenzo ya juu

Nyenzo tatu ndizo zinazotumika zaidi: ngozi halisi, simili (ngozi bandia), na vitambaa vizito. Ngozi ya viti vya gari huwa na unene wa milimita 1 hadi 1.4. Njia iliyozoeleka ya kuipima kwa tone la maji haifai, kwa sababu ngozi ya gari hupakwa rangi na tabaka la kinga, na maji hayapenyi hata kama ni halisi. Ni bora kutazama ukingo uliokatwa. Ngozi nzuri huonyesha nyuzinyuzi zilizoshikamana kutoka chini hadi juu. Ngozi ya tabaka la chini iliyofunikwa plastiki huonyesha nyuzi legevu, na juu yake utando unaoweza kubanduliwa kwa ukucha. Kipimo cha pili ni kidole gumba: ngozi halisi ikikandamizwa hutoa mikunjo midogo inayosambaa kuzunguka kidole, lakini plastiki hubonyea tu.

Simili ziko za aina mbili zinazofanana dukani. Ya kwanza ni ya PVC, ya pili ni ya poliuretani. Ile ya poliuretani ni laini na inafanana zaidi na ngozi, lakini ya bei nafuu huharibiwa na joto, jasho na unyevu, kisha hubanduka magamba baada ya miaka michache. Ya PVC ni nzito zaidi, hustahimili maji na kusuguliwa, na ndiyo inayofaa teksi na magari ya kazi.

Kuzitofautisha kunahitaji kipande cha waya wa shaba na mwali wa moto. Waya huchomwa hadi mwali usionyeshe rangi yoyote, kisha huguswa kwenye simili ukiwa moto na kurudishwa kwenye mwali. Ukitoa rangi ya kijani, nyenzo ina klorini, yaani ni PVC. Jaribio hilo hufanyika nje, kwa kipande kidogo sana, bila kuvuta moshi wake. Baada ya hapo hutazamwa mgongo wa simili. Wavu wa poliesta uliofumwa kwa karibu huonyesha nyenzo itakayovutika bila kuchanika; mgongo wa karatasi au wa kitambaa chembamba kinachoonyesha mwanga ni dalili ya bidhaa ya sofa za bei ya chini.

Magari ya migodi, hasa Toyota Hilux na Land Cruiser, hufaa zaidi kuvikwa vifuniko vizito vya poliesta vinavyovuliwa na kufuliwa. Hapo uzuri hauhesabiki sana. Kinachohesabika ni kifuniko kukauka haraka na kurudi kwenye kiti bila kusinyaa.

Sponji

Kosa la kawaida kuliko yote ni kujaza kiti kwa sponji ya godoro. Kiti kilichojazwa hivyo hupendeza siku ya kukabidhiwa, kisha huzama. Sponji hupimwa kwa uzito wake, na kipimo chake hakihitaji maabara: hukatwa kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10 na kuwekwa kwenye mizani ya jikoni. Idadi ya gramu ni sawa na idadi ya kilo kwa mita ya ujazo. Sponji nyingi za magodoro ya bei nafuu hazifiki 25. Sponji ya kiti cha gari huwa kati ya 45 na 60 hivi.

Uzito na ugumu ni mambo mawili. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ngumu ili imdanganye mnunuzi anapoikandamiza kwa mkono, lakini seli zake huvunjika upesi. Kwa sababu hiyo mizani huaminika kuliko kidole.

Sehemu ya kwanza ya kukaguliwa ni ubavu wa nje wa kiti cha dereva. Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, usukani huwa kushoto, na dereva hushuka akisugua ubavu wa kushoto kila mara. Fundi mzuri hukata sehemu iliyovunjika hapo na kubandika sponji mpya yenye uzito uleule, kisha huichonga hadi kiungo kisihisike. Fundi dhaifu huongeza tabaka jembamba juu ya lililokufa na kulifunika.

Uzi na mshono

Uzi wa pamba na uzi wa nguo za kawaida hazina nafasi katika kazi hii. Nailoni ina nguvu na huvumilia kusuguliwa, lakini hudhoofika kwa jua na kwa asidi. Kwa hali ya Lualaba uzi wa poliesta wa viwandani, ambao nyuzi zake zimeshikamanishwa, ndio chaguo salama, katika unene unaoandikwa Tex 90 kwa mishono ya ndani na Tex 135 kwa ile inayoonekana. Sindano yake huwa kati ya namba 110 na 140.

Urefu wa hatua moja ya mshono uwe milimita 4 hadi 5. Wapo wanaoamini kwamba hatua fupi huongeza nguvu. Katika simili huleta kinyume chake: matundu yaliyokaribiana huigeuza nyenzo kuwa kama karatasi ya stempu, na siku moja huchanika kwenye mstari wa sindano hali uzi ungali mzima.

Mkaguzi hushika pande mbili za mshono na kuzivuta. Nyuzi zikijitokeza kama meno, mkazo ulikuwa hafifu. Kisha hugeuza upande wa ndani: fundo la nyuzi mbili linapaswa kujificha katikati ya tabaka, lisionekane juu wala chini. Upana wa nyenzo iliyobaki baada ya mshono uwe sawa kote, milimita 10 hivi, na kwenye kona uwe umekatwa vijinafasi ili usijikunje. Mwishowe hutazamwa mishono miwili ya urembo inayokimbia sambamba. Ikikaribiana na kuachana, mkono au mashine haikuwa tayari kwa kazi hiyo.

Ukataji na ufungaji

Kifuniko kizuri huanza na kiolezo. Kifuniko cha zamani hufumuliwa, vipande vyake hunyooshwa na kuchorwa kwenye kadibodi ngumu, huku sehemu zilizovutika kwa kukaliwa zikirekebishwa. Vipande vyote hukatwa kwa mwelekeo mmoja wa mfumo wa nyuzi, kwa sababu simili huvutika zaidi upande mmoja. Anayegeuza vipande ili kubana matumizi hupata kiti ambacho upande mmoja hulegea na mwingine hubaki umekaza. Gari la viti vitano kwa kawaida huhitaji mita 8 hadi 10 za simili yenye upana wa mita 1.4, na makadirio yaliyo chini sana ya hapo yanapaswa kuulizwa sababu.

Kiwandani kifuniko huvutwa ndani ya mifereji ya sponji kwa waya, kisha hufungwa kwa vipete vya chuma vinavyobanwa kwa koleo maalumu. Kiti kilichorudishiwa vipete katika matundu yake yote hushika umbo lake. Kilichobandikwa kwa gundi peke yake huinuka katikati kadiri joto linavyopanda.

Hukumu ya dari hufuata kanuni hiyohiyo. Dari hulegea kwa sababu sponji nyembamba iliyo nyuma ya kitambaa huoza na kuwa unga. Fundi asiyeukwangua unga wote hadi kwenye ubao hubandika kitambaa kipya juu ya vumbi. Usukani uliovikwa ngozi hushonwa kwa mkono na kukazwa. Ngozi ikizunguka mkononi hata kidogo, kazi hiyo ni hatari na haipaswi kutoka.

Usalama

Kiti chenye mfuko wa hewa ubavuni huwa na lebo inayosema hivyo. Kifuniko chake kinapaswa kuwa na mshono maalumu unaopasuka mfuko unapofunguka, na fundi asiyeweza kuutengeneza sawasawa anapaswa kuuacha ubavu ule wa kiwandani. Kabla ya kuchomoa nyaya za kiti, betri hutenganishwa, kisha fundi husubiri muda unaoelekezwa na mtengenezaji wa gari. Mikanda ya usalama haishonwi upya kamwe.

Moto nao una kipimo. Kanuni ya Marekani ya FMVSS 302, inayotumika tangu 1972, hairuhusu nyenzo za ndani ya gari kuungua kwa kasi ya zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Nyenzo yenye cheti cha kipimo hicho au cha ISO 3795 hupewa kipaumbele.

Karakana inayoanza

Fedha za mwanzo huelekezwa kwenye mashine moja yenye mguu unaotembea, yaani ile ambayo sindano, mguu na meno ya chini husogeza nyenzo pamoja. Cherehani ya nguo huteleza juu ya simili na kutoa hatua zisizolingana. Mota ya servo hufaa kuliko ile ya klachi, kwa kuwa hula umeme kidogo na huweza kuendeshwa na jenereta ndogo umeme wa shirika la SNEL unapokatika.

Mali ya pili ni violezo. Kila gari linalopita liache seti iliyoandikwa aina, mwaka na idadi ya vipande. Karakana yenye seti sahihi ya Hilux inaweza kupokea oda ya magari mengi na kutoa vifuniko vinavyofanana. Soko la kazi za migodi linaongozwa na sheria: Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inazitengea kazi za ukandarasi mdogo kampuni zenye mtaji unaomilikiwa kwa wingi na Wakongomani. Karakana inayotaka kazi za migodi inahitaji kuwa imesajiliwa, na ankara zake ziwe safi.

Bei huandikwa kwa vifungu: nyenzo, sponji, uzi na ufundi. Orodha hiyo humwezesha mteja kulinganisha karakana mbili kwa haki, na humzuia fundi kupunguza kwenye sponji alichokosa kwenye bei. Kazi inayostahili jina la bora ni ile inayoweza kufunuliwa mbele ya mteja, kiti kikageuzwa juu chini, na fundi asiwe na la kueleza.